Namna ya Kutoboa Kioo Nyumbani Bila ya Kukipasua

Kioo hakitobolewi kama ubao. Ubao una nyuzi, na ncha ya chuma huziuma na kuzitoa vipande vipande, kiasi kwamba fundi akiongeza nguvu kazi nayo huenda mbio. Kioo hakina nyuzi za kuumwa, bali husagwa punje kwa punje mpaka mahali pa tundu pageuke unga, na kwa hiyo kukitoboa kunakaribiana zaidi na kukuna nazi kuliko kupiga msumari. Mtu anayetaka kupitisha waya kwenye chupa ili aigeuze taa ya barazani, au kutoboa kipande cha kioo ili akitundike ukutani, aanze kwa kulikubali jambo hilo, kwa sababu vioo vingi vinavyopasuka mikononi mwa watu hupasuliwa na haraka.

Kabla ya kushika chombo chochote, ijulikane kwanza ni kioo cha aina gani. Chupa, vioo vya fremu za picha na vioo vya kawaida vya madirisha hutoboleka. Kioo kilichokazwa kwa moto, ambacho hutumika kwenye madirisha ya pembeni ya magari, milango ya bafu na meza nyingi za sebuleni, hakitoboleki kabisa. Kioo hicho hupashwa moto kiwandani hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa ya baridi kwa ghafla, na matokeo yake ni kwamba ngozi yake ya nje hubaki imebanwa na moyo wake hubaki umevutwa. Ukiipenya ngozi hiyo, nguvu zote zilizofungwa ndani hufunguka kwa pamoja. Nimeyaona hayo kwa macho yangu nilipojaribu kutoboa kioo cha meza ya nyumbani kwetu: biti, yaani ncha ya keekee inayozunguka, ilikuwa haijazama hata nusu milimita, mara kioo chote kikamwagika sakafuni kama chumvi ya mawe, na kwa wiki nzima tulikuwa tukiokota chembe chini ya mikeka. Matundu ya kioo cha namna hiyo hutobolewa kiwandani kabla hakijakazwa. Angalia pembeni mwa kioo, kwani mara nyingi huwa na muhuri mdogo uliochorwa. Ukiuona, kiache kama kilivyo. Usipouona na bado una shaka, kiache vilevile.

Kwa wakaazi wa Mji Mkongwe ninaongeza neno moja. Vioo vya rangi vilivyomo juu ya milango na kwenye roshani za nyumba za kale si vya kujifunzia kazi. Vioo vya zamani huweza kuwa na unene usio sawa na hata mapovu ya hewa ndani yake, na kikivunjika kimoja hutapata cha kufanana nacho.

Keekee, au drili kama inavyoitwa zaidi siku hizi, iwe ya betri. Kazi hii hufanywa kwa maji, na maji pamoja na waya wa umeme wa nyumbani ni hatari ya wazi. Kama uliyonayo ni ya waya tu, basi usikizamishe kioo majini. Tumia sponji iliyolowa kudondoshea maji kidogo kidogo, pitisha waya kwa juu ili maji yasiufuate, na usisimame pekupeku kwenye sakafu mbichi. Biti inayofaa ni ile ya bomba iliyopakwa punje za almasi kwenye mdomo wake. Almasi ina ugumu wa 10 kwenye kipimo cha Mohs, na kioo hakizidi 6 au karibu na hapo, kwa hiyo almasi hukisaga bila ya kulazimishwa. Kwa tundu dogo, biti yenye ncha ya mkuki iliyotengenezwa kwa kabidi ya tungsteni, ambayo ni ngumu kuliko chuma, nayo hufaa. Biti ya ukuta isikushawishi hata kama ndiyo iliyomo sandukuni, kwa kuwa imeundwa kwa kugonga, na kioo hakivumilii kugongwa. Kwa sababu hiyo hiyo, hakikisha kitufe cha kugongesha kwenye drili kimezimwa.

Vaa miwani ya kukinga macho inayofunika mpaka pembeni, barakoa na viatu vya kufunika vidole. Glovu zinazobana si mbaya, ila glovu pana na mikono mirefu ya kanzu hunaswa na biti inayozunguka.

Pima tundu lako mbali na ukingo. Mimi huacha sentimita mbili na nusu kila ninapoweza, na kamwe siachi umbali ulio chini ya mara mbili ya unene wa kioo. Bandika tepu ya karatasi juu na chini ya mahali hapo, uweke alama kwa kalamu, kisha ukilaze kioo juu ya ubao ulionyooka uliotandikwa kitambaa au mpira mwembamba, bila ya punje ya mchanga chini yake. Chupa ilazwe juu ya taulo nene lililokunjwa ndani ya beseni, isiweze kubingirika. Kama kioo kilikuwa uani kwenye jua la kaskazi, kiingize kivulini kipoe kabla ya kukimwagia maji, kwani joto na baridi zikikutana kwa ghafla hukipasua hata kabla hujaanza.

Maji huhitaji kubaki pale pale biti inapofanya kazi. Kwa kioo bapa, chukua donge la unga wa ngano uliokandwa kama wa chapati, ulifinyange liwe duara kuzunguka alama, kisha ujaze maji ndani ya kile kisima kidogo. Donge hilo hushika vizuri, na ni rahisi kuliko vifaa maalumu vinavyouzwa kwa kazi hiyo.

Sasa anza. Weka drili kwenye gia ya kwanza, mizunguko 400 hadi 900 kwa dakika, na tundu likiwa kubwa punguza mwendo zaidi. Biti ya bomba haina ncha katikati, hivyo ukiisimamisha wima tangu mwanzo itateleza na kukichora kioo kizima. Ilaze kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, uguse taratibu mpaka ione njia na ichimbe alama nyembamba kama mwezi mwandamo. Hapo ndipo uiinue polepole, huku inazunguka, mpaka ule mwezi ukamilike na kuwa duara, na biti isimame wima. Anayeogopa hatua hii anaweza kutoboa tundu la kipimo hicho hicho kwenye kipande cha plaiwudi, akakifunga juu ya kioo kwa tepu, na biti ikaongozwa na tundu hilo.

Kuanzia hapo, uzito wa drili wenyewe unatosha. Kila baada ya sekunde chache inyanyue biti kidogo ili maji yaingie na unga utoke. Maji yatageuka meupe kama tui, nayo ni dalili njema; yakianza kuwa mazito kama uji, yabadilishe. Sikiliza pia: sauti ya kusaga iliyo sawasawa, yenye mkwaruzo mwororo, ndiyo unayoitaka. Ikigeuka kuwa mlio mkali wa juu, biti imekauka au unakandamiza, na inakupasa usimame mara moja. Kioo cha milimita 4 huchukua dakika kadhaa, na hakuna sababu ya kuzipunguza.

Sehemu ya hatari ni milimita ya mwisho. Kioo kilichobaki chini ya biti ni chembamba kama ganda la yai, na mkono ukiendelea na uzito ule ule, biti itakisukuma nje kabla ya kukisaga na kumega ukingo wa chini. Punguza uzito mpaka uwe kama unaizuia drili isishuke. Kwa kioo bapa kilicho kinene, njia bora ni kutoboa nusu, kukigeuza na kumalizia upande wa pili, ilimradi umepima sawasawa pande zote mbili.

Biti ikishapita, itoe ikiwa bado inazunguka. Usipulize unga kwa mdomo wala usiufagie ukiwa mkavu, kwani hukera macho na mapafu. Ufute kwa tambara bichi na ulitupe. Vipande vifungwe ndani ya gazeti na boksi kabla ya kwenda jaani, na beseni lile lisirudi jikoni.

Lainisha ukingo wa tundu kwa msasa wa maji, kwanza namba 220, kisha 400, ukiwa umelowa muda wote. Kwa chupa ya taa, vika tundu pete ya mpira kabla ya kupitisha waya, na utumie balbu ya LED isiyotoa joto kubwa. Kwa kioo cha kutundika, tundu lizidi unene wa skrubu kwa milimita moja au mbili, weka washa ya mpira mbele na nyuma, na ukaze kwa vidole na bisibisi ya mkono, mpaka pale kioo kinapoacha kuchezacheza.