Hasira Yako Inaogopa Nini? Hatua za Kufuata Unapofoka kwa Sababu ya Wasiwasi

Wengi wanaokuja kwangu kwa ajili ya hasira hawajui kwamba wana wasiwasi. Husema "mimi nina hasira za karibu", basi. Tukianza kuchimba, chini yake tunakuta hofu iliyokaa miezi, pengine miaka.

Mwili wenyewe hautenganishi sana mambo haya mawili. Mwaka 1915 mwanafiziolojia Walter Cannon wa Harvard alieleza kwamba hofu na ghadhabu huuandaa mwili kwa namna ileile: adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Hofu inasema kimbia, hasira inasema pigana. Ndiyo maana kukereka upesi kumo hata kwenye dalili ambazo madaktari hutumia kutambua ugonjwa wa wasiwasi.

Kabla ya kuanza. Kama umeshampiga mtu, usijitibu kwa mwongozo huu. Nenda kwa mtaalamu wiki hii. Na kama wewe ndiye unayepigwa, kutibu wasiwasi wa anayekupiga si kazi yako. Tafuta usalama kwanza. Hapa Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Pia mwambie daktari akupime tezi ya shingoni, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya moyo ya haraka na kukereka kunakofanana kabisa na haya ninayoyaeleza.

Hatua ya 1: Daftari, wiki mbili. Daftari la shule linatosha. Kila ukifoka, andika usiku uleule: siku, saa, kilichotokea, mwili ulikuwaje, ulifanya nini. Kisha andika kile ambacho karibu kila mtu hukiruka: saa mbili kabla ya hapo ulikuwa unawaza nini?

Fundi magari mmoja (nimebadilisha mambo yake asitambulike) aliniletea daftari lenye ugomvi mara saba. Mara tano ulitokea Jumatano jioni au Alhamisi. Alhamisi moja mtoto alimwaga chai mezani, baba akafoka mpaka jirani akabisha hodi. Nikamuuliza mezani kulikuwa na nini kingine. "Simu yangu." Ilikuwaje? "Nilikuwa nimeigeuza kifudifudi." Alikuwa na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, rejesho kila Ijumaa.

Hatua ya 2: Jiulize, nisingekasirika pale, ningehisi nini? Usiharakishe jibu. Fundi alikaa kimya kitambo kirefu, akasema, "Ningetetemeka."

Hatua ya 3: Pumzi, ukiwa umetulia. Vuta kwa hesabu ya 4, toa taratibu kwa hesabu ya 6. Dakika 5 asubuhi, 5 kabla ya kulala. Anayengoja siku ya ugomvi ndipo ajaribu hukata tamaa siku hiyohiyo. Na tafadhali usipige mto ili "kutoa hasira". Utafiti wa Brad Bushman uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walizidi kukasirika.

Hatua ya 4: Ondoka kwa kuaga. "Nimepandwa. Natoka, narudi baada ya dakika 20." Usipitie kilabuni, na usitembee huku ukitunga maneno ya kwenda kumjibu. Halafu urudi kweli. Ukizoea kutoka bila kurudi, unamwachia wasiwasi uliyemwacha nyumbani.

Hatua ya 5: Andika mawazo mawili. La juu ni la hasira: "Hawa wananidharau." La chini ni la hofu: "Nitashindwa kulipa, watachukua vifaa vyangu vya kazi." Shughulika na la chini. Lina ushahidi gani? Lina nini cha kulipinga? Likitokea kweli, nitafanya nini siku ya kwanza? Sikuombi ujidanganye kwamba mambo ni mazuri. Deni la fundi lilikuwa deni kweli.

Hatua ya 6: Ngazi. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nashauri uwe na mnasihi. Ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa wako, useme unataka tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na tabia. Kwa kawaida mnaonana mara moja kwa wiki, kama saa moja, kwa miezi kadhaa.

Wasiwasi hunenepa kwa kukwepwa. Kila simu inapogeuzwa kifudifudi, unapata nafuu ya dakika chache na hofu inaongezeka kesho. Kwa hiyo tunapanga vitu vinavyoogopwa kama vidaraja vya ngazi, kuanzia chepesi. Ngazi ya fundi ilikuwa hivi: aiache simu wazi mezani, asome ujumbe wa mkopeshaji, aandike jumla ya deni kwenye karatasi, amwambie mkewe, ampigie mkopeshaji kabla ya Ijumaa aombe kupangiwa upya. Unarudia kidaraja kimoja mpaka moyo uache kudunda, ndipo unapanda kinachofuata.

Alikwama kwenye cha nne wiki tatu. Sikumsukuma. Tulifanya mazoezi ya sentensi ya kumwambia mkewe ofisini, kwa sauti, mpaka ikawa fupi. Alhamisi moja akaisema jikoni: "Kesho rejesho, nimepungukiwa elfu 30, naogopa." Mkewe aliingia chumbani, akatoka na daftari lake la kikoba.