Mashine ya kufyonza vumbi: tazama kichwa kabla ya wati

Kama sebuleni una zulia nene na vyumba vingine ni vigae au mbao, usianze kwa kuuliza wati. Wati ni umeme unaoliwa, si nguvu ya kuvuta. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku zinazozidi wati 900 tangu 2017, na mazulia ya huko bado yanasafishika.

Uliza kichwa cha bomba. Zulia linataka brashi inayozungushwa na mota yake, lakini iwe na swichi ya kuizima: juu ya vigae hurusha mchanga pembeni badala ya kuuvuta, na mbao inaweza kuchubuka. Sakafu ngumu inafaa kichwa kipana chenye nywele laini. Pawepo pia kitufe au tundu la kupunguza mvuto, la sivyo mkeka utang'ang'aniwa na bomba. Magurudumu yawe ya mpira.

Mimi napendelea ya mfuko, maana kumwaga ile isiyo na mfuko ni kulivuta vumbi puani upya. Ila ulizia kwanza kama mifuko ya akiba inauzwa hapo hapo dukani.