Jinsi ya Kupima Ubora wa Rufaa kwa Madaktari Bingwa

Hospitali ya wilaya hujua kila mwezi imewapa rufaa wagonjwa wangapi, kwa kuwa daftari lipo na hujazwa. Idadi hiyo peke yake haionyeshi kama mgonjwa alipelekwa panapomfaa, kama alionwa mapema, kama bingwa alikuta maelezo ya kumtosha, wala kama majibu yalirudi kwa daktari aliyeandika barua. Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi au timu ya ubora inayotaka kuyapima hayo manne bila kununua mfumo mpya.

Kwanza amua hesabu inaanzia wapi, maana hapa ndipo wengi hukosea. Ukianza na rejista ya kliniki ya bingwa, iwe katika hospitali kubwa ya rufaa kama Muhimbili, Bugando au KCMC, utawahesabu waliofika tu. Yule aliyekosa nauli, barua yake ikabaki chini ya godoro, hatakuwemo, na asilimia zako zitapendeza bure. Anza basi na kituo kinachotuma: kusanya barua zote zilizoandikwa katika miezi 3, kisha fuatilia kila mgonjwa hadi ujue aliishia wapi. Katika kulinganisha rejista mbili, tumia namba ya simu pamoja na mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu jina lile lile huandikwa Mwanahamisi huku na Mwanakhamis kule.

Kufuatilia ni kwa wote, lakini kusoma barua si lazima zote. Zikiwa 240, piga kura upate moja kati ya nane za mwanzo, kisha chukua kila ya nane hadi zitimie 30. Watu wawili wazisome, kila mmoja peke yake, wakitoa alama 1 kwa kila jambo lililomo: swali analoulizwa bingwa, historia fupi ya ugonjwa, vipimo na majibu yake, dawa na dozi, kiwango cha dharura, na simu ya mwandishi. Wakitofautiana mara kwa mara, kasoro iko kwenye maswali yenyewe, nayo yaandikwe upya.

Chukua mfano wa barua isemayo, “Mama wa miaka 47, uvimbe titi la kushoto, tafadhali msaidieni.” Ukiwa mkarimu utaipa alama 1. Nyingine inasema, “Uvimbe wa sentimita 4 titi la kushoto kwa miezi 5, majibu ya kinyama yameambatanishwa, anatumia amlodipine miligramu 5 kwa siku, naomba mpango wa matibabu, aonwe ndani ya wiki 2, nipigieni kwa namba hii.” Hiyo ina zote 6. Tofauti yake si ufasaha tu, kwa kuwa matibabu ya saratani kwa kawaida hayaanzi bila majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kilichokatwa na kupimwa maabara, na anayefika taasisi ya saratani ya Ocean Road bila majibu hayo huenda akaanza kusubiri upya.

Kuhusu muda, andika tarehe tatu: barua ilipoandikwa, mgonjwa alipoonwa, na majibu yaliporudi. Usitumie wastani. Wagonjwa watano wakisubiri siku 3, 5, 6, 8 na 90, wastani ni siku 22.4, ambazo hakuna hata mmoja aliyezisubiri. Siku ya katikati, yaani 6, ina ukweli zaidi, ila huyo wa siku 90 atafutwe na aulizwe kilichomkwamisha.

Bingwa naye aulizwe kwa kila mgonjwa kama rufaa ilikuwa ya lazima na kama ilichelewa. Wasiopewa rufaa kabisa ni wagumu kuwaona, lakini ukifungua mafaili 20 ya wenye kisukari, ugonjwa unaoweza kudhuru macho, na kuangalia ni wangapi waliopimwa macho mwaka uliopita, utapata picha.

Kigezo ambacho mimi ningekipa uzito kuliko vyote ni mrejesho. Uhesabiwe pale tu maandishi ya bingwa yanapokuwa ndani ya faili na matibabu yamefuata ushauri wake. Kauli ya mgonjwa kwamba “walisema niendelee na dawa” iwekwe safu yake yenyewe.

Matokeo yasomwe kwa kituo au kwa idara, si kwa jina la daktari, kwani anayeaibishwa mbele ya wenzake ataandika rufaa chache zaidi, na barua mbovu zitapungua pamoja na wagonjwa waliostahili kwenda.