Kuhariri filamu iliyopigwa kwa simu bila sauti kuachana na mdomo

Mwongozo huu ni wa anayehariri filamu ya dakika 60 hadi 90 iliyopigwa kwa simu, ana laptopu ya kawaida, umeme wake haueleweki, na mwenye filamu anataka kazi iende kibandani (ukumbi mdogo wa kuonyesha video, hapa Uganda) na YouTube. Kukata picha si kugumu. Kinachoua kazi nyingi ni jambo la kufanya kabla ya mkato wa kwanza: kuifunga kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa kila sekunde isibadilike. Hilo litachukua nafasi kubwa, mengine tutayapitia mbio.

Hatua ya 1: Wakati wa kupiga

Umeme wa Uganda ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Tumia programu ya kamera inayokuachia mipangilio mwenyewe (Blackmagic Camera ni ya bure), weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50. Simu ikikataa 25, piga 30 lakini shata ibaki 1/50 au 1/100. Ukiacha 1/60, mistari itatembea ukutani kila palipo na taa ya tyubu.

Sauti irekodiwe kando kwa WAV ya kHz 48. Ili ulinganishe picha na sauti baadaye, gonganisha viganja mara moja (kofi) mbele ya kamera mwanzoni mwa kila shoti ndefu, na jingine kabla ya kuzima. Kofi la mwisho ndilo watu hulipuuza, na ndilo utakalolitafuta baadaye.

Hatua ya 2: Kukusanya

Hamisha kwa waya. WhatsApp hubana video. Kama hakuna njia nyingine, itumwe kama dokumenti. Nakili kila kitu kwenye diski mbili, folda iitwe GHAFI, na usiiguse tena.

Hatua ya 3: Kuifunga kasi ya fremu

Enzi za meza ya Steenbeck, mashine ya kuhariri filamu za ukanda, tatizo hili halikuwepo. Ukanda wa picha na ukanda wa sumaku wa sauti vyote vilikuwa na matundu pembeni, vikivutwa na magurudumu yenye meno yaliyofungwa pamoja: picha ikisogea fremu moja, sauti nayo imesogea fremu moja. Simu haina meno. Mwanga ukipungua au simu ikipata moto, inapunguza fremu yenyewe bila kukuuliza, kisha inarudi ilipokuwa. Sauti inaendelea kwa kasi yake ile ile. Programu ya kuhariri inayodhani kila sekunde ina fremu 30 hujikuta ina fremu pungufu, na mdomo unaanza kuachana na maneno.

Fungua klipu kwa MediaInfo, programu ya bure inayoonyesha taarifa za faili. Tafuta mstari wa "Frame rate mode". Ukiandikwa "Constant", klipu hiyo iko salama. Ukiandikwa "Variable", angalia na kasi ya chini na ya juu. Tofauti kama 24 hadi 30 ni ya kawaida kwa tukio la usiku. Kagua kila klipu, maana simu hiyo hiyo inaweza kuwa safi mchana uwanjani na ovyo usiku sebuleni.

Zenye tatizo zibadilishe kwa ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video kwa amri za kuandika. HandBrake, ya kubofya, nayo hufanya kazi ukichagua "Constant Framerate", ila kwa klipu mia mbili sioni sababu ya kubofya kila moja. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (cmd) ndani ya folda ya kazi yenye nakala za klipu, tengeneza folda iitwayo safi, kisha andika kwa mstari mmoja:

for %f in (*.mp4) do ffmpeg -i "%f" -vf fps=30 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -af aresample=async=1 -c:a pcm_s16le -ar 48000 "safi\%~nf.mov"

Hapa kuna mitego kadhaa.

Namba baada ya fps iwe ile ambayo simu ilikusudia kupiga. Kama ilikuwa 30, andika 30. Usigeuze 30 kuwa 25 eti kwa sababu televisheni zetu ni 25: katika kila fremu sita moja itatupwa, na kamera ikizunguka kufuata mtu anayekimbia picha itarukaruka. Wala usiandike 29.97 kwa klipu ya 30. Zikichanganywa vibaya tofauti hiyo ndogo hufika sekunde 3.6 kwa saa.

Kipande cha async=1 hujaza ukimya pale simu ilipopoteza sauti kidogo. Bila hicho unaweza kusawazisha picha vizuri kabisa, kisha sauti ikawahi.

Faili zitavimba. DNxHR SQ (muundo wa video wa kuhariria unaotokana na amri hiyo) ya 1080 kwa fremu 30 hula zaidi ya GB 60 kwa saa moja ya video. Diski ikiwa ndogo andika dnxhr_lb, ambayo ni kama theluthi ya hapo, ila iwe ya kuhariria tu. Kabla ya kutoa nakala ya mwisho tengeneza tena kwa SQ na uziunganishe upya. Faida ni kwamba laptopu dhaifu huipitisha DNxHR kwa urahisi kuliko H.264, muundo uliobanwa wa simu, kwa hiyo proksi (nakala nyepesi za kuhariria) huzihitaji.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, klipu iliyokuwa ikibadilishwa itabaki nusu na haitafunguka. Ifute na uirudie hiyo peke yake.

Kama umeshahariri nusu ya filamu ndipo ukagundua, usianze kuvuta sauti kidogo kidogo kila tukio. Kwanza jua ugonjwa. Linganisha kofi la kwanza na la mwisho. Pengo likilingana pote, sogeza sauti mara moja, umemaliza. Likikua sawasawa, kasi mbili zimechanganywa, mara nyingi 29.97 na 30. Likija na kuondoka, fremu za simu ndizo zinazocheza, na dawa ni amri ile ya juu. Kuna na la nne: sauti imekuwa nyembamba kama ya mtoto na inaisha mapema. Hiyo ni ya kHz 44.1 inayosomwa kama 48. Ukibadilisha klipu ambazo tayari ziko kwenye taimulaini, pitia kila mkato, kwa sababu mipaka huweza kuhama fremu kadhaa.

Hatua ya 4: Mradi na mikato

DaVinci Resolve ya bure inatosha kama una RAM ya GB 16 na kadi ya picha. Kwa GB 8 chukua Kdenlive. Hata huonya yenyewe ukiingiza klipu ya kasi inayobadilika. CapCut iache kwa klipu za dakika mbili. Weka kasi ya mradi kabla ya kuingiza chochote, kwa sababu Resolve huifunga klipu ya kwanza ikishaingia. Kisha kata.

Hatua ya 5: Sauti na VJ

Mazungumzo, milio na muziki vikae kwenye mistari mitatu tofauti ya sauti (track). VJ, yaani msimulizi atakayeitafsiri filamu kwa sauti kibandani, anahitaji nafasi ya kuzungumza. Ukimpa sauti moja iliyochanganywa, atapigana na ngoma zako mpaka mwisho. Mtolee nakala ambayo muziki umeshuka desibeli 8 hadi 12 kila mtu anapozungumza. Ya YouTube ilenge LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), kilele kisizidi desibeli -1.

Hatua ya 6: Kutoa

H.264, sauti AAC ya kHz 48. Nakala ya YouTube Mb (megabiti) 12 kwa sekunde, ya kibanda Mb 6. Flashi nyingi huja na FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao haupokei faili linalofika GB 4; filamu ya dakika 75 kwa Mb 8 ni kama GB 4.5, itakataa. Kuibadilisha flashi iwe exFAT kunasaidia kwenye kompyuta, lakini deki nyingi za vibandani haziisomi.

Nenda na flashi mwenyewe, uichomeke kwenye deki ile ile itakayotumika, uruke moja kwa moja hadi dakika kumi za mwisho. Mwanzo wa filamu huwa sawa siku zote.