Baba aliacha nusu ya sinia

Siku ya tatu tangu Baba arudi nyumbani Wete na kiharusi chake, tulikaa kula. Wali wa upande wa kulia aliumaliza; kipande cha nguru kilichokuwa kushoto hakukigusa. Mama akanuna: "Siku hizi samaki wangu hakupendezi?" Nikalizungusha sinia. Akamla nguru hadi ngozi. Kumbe kiharusi kilimwondolea uoni wa upande wa kushoto.

Ukiona hivyo, mpime. Kama hospitali keshafika, kaeni mkitazamana. Azibe jicho moja, akutazame pua. Wewe chezesha vidole pembeni, kushoto kisha kulia. Halafu jicho la pili. Likikosa jicho moja tu, kasoro huenda iko kwenye jicho au mshipa wake wa fahamu. Yakikosa yote mawili upande uleule, ni ubongo: picha husomwa kisogoni, na nusu ya kulia ndiyo inayosoma yaliyo kushoto. Miwani ya kawaida haisaidii (sisi tulishanunua). Lakini uoni ukipotea ghafla, usipime kitu. Hospitali, saa hiyohiyo.

Kusoma ndiko kulikotutoa jasho. Kiswahili chetu kinaweka "ha" ya kukanusha mwanzo wa neno, na mwanzo ndio aliokuwa akiupoteza. Nauli ya boti "haitapanda", yeye akasoma "itapanda", akagomba asubuhi nzima. Bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa karatasi. Asianze mstari mpaka auone. Msahafu ni kinyume. Unaanzia kulia, kwa hiyo mwanzo haumpotei, ila neno linalofuata halioni, anakwenda akisitasita. Hapo kidole cha kushoto kikae mwisho wa mstari, macho yakifuate.

Barazani, waambie watu shikamoo itangulie mkono. Jirani mmoja alimnyooshea mkono kushoto, ukabaki hewani, mtaa mzima ukasikia kuwa Baba kaota kiburi.

Njiani, kumbuka gari zetu hushika kushoto. Akianza kuvuka, za karibu hutoka kulia, anaziona. Hatari huanzia katikati ya barabara, gari zinapotoka kushoto. Mzoeze kugeuza kichwa chenyewe, kidevu kikaribie bega la kushoto. Miezi 3 ya mwanzo ndiyo yenye tamaa kubwa ya uoni kurudi wenyewe, baadaye ni mazoezi haya.

Vespa hapandi. Ufunguo nimeutundika ukutani, mkono wa kushoto wa mlango. Hajauona bado.