Geuza ramani kabla ya kuchimba msingi

Ukichora nyumba ya Kampala au Jinja, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Tuko karibu na ikweta: Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, Desemba kusini, basi paa litokeze pande zote mbili, sentimita 75 hadi 90. Msumbufu hasa ni ukuta wa magharibi. Jua la saa kumi na moja jioni hupenya chini ya paa lolote, kwa hiyo huko weka stoo na choo, si dirisha la sebule.

Darini acha matundu ya hewa chini ukingoni na juu kileleni, yenye wavu. Wengi hutoboa ya chini tu. Joto hubaki limejifungia chini ya mabati, kisha wananunua feni.