Somo: Omba Kwanza, Ndipo Ukabidhi

Tumsifu Yesu Kristo.

Kuna maneno tunayoyasali kila siku ambayo wengi wetu, nikiwemo mimi, tumeyageuza mfuniko: "Utakalo lifanyike." Mtu ana mtoto mgonjwa, au ndoa inayoyumba. Anapiga magoti, anataja jambo lake nusunusu, kisha anawahi kusema, "Lakini yote ni mapenzi yako, Bwana," na kuinuka. Ukimchunguza, hajakabidhi kitu. Amejikinga tu, ili asipopata asiumie sana. Mimi nilisali hivyo miaka mingi nikidhani ndio unyenyekevu.

Neno tunalotumia lenyewe linafundisha: kukabidhi. Anayehama ofisi hakabidhi kwa kupunga mkono mlangoni. Anakaa na anayepokea, wanapitia kimoja kimoja: funguo hizi hapa, majalada haya, deni hili halijalipwa, kiti hiki mguu umevunjika. Kisichotajwa hakijakabidhiwa. Sala ya kujikabidhi nayo iko hivyo, ndiyo maana inaanzia kwenye kuomba.

Yesu mwenyewe alianzia hapo. Kule Gethsemane alisema wazi anachotaka, kikombe kimwondokee, ndipo akaongeza "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke" (Lk 22:42). Mathayo anatupa jambo ambalo huwa tunaliruka: alirudi akasali mara ya tatu kwa maneno yale yale (Mt 26:44). Kama yeye alirudi mara tatu, wewe usishangae ukirudi miezi mitatu.

Hatua ya 1. Tafuta muda na mahali

Dakika 20 zinatosha. Ukiweza kukaa mbele ya Ekaristi Takatifu, vizuri. Usipoweza, chumba na mlango uliofungwa. Simu iache nje.

Hatua ya 2. Litaje jambo kwa jina lake

Hapa ndipo kazi ilipo, usipaharakishe. "Namkabidhi Mungu familia yangu" bado ni kupunga mkono mlangoni. Chukua karatasi uandike: nini hasa kinakunyima usingizi? Ni ugonjwa, au ni hofu ya kubaki peke yako? Ni kukosa kazi, au ni aibu mbele ya ndugu zako? Mara nyingi tunachokileta mbele ya Mungu ni kile kinachosemeka, na kile cha chini yake tunabaki nacho.

Andika na mambo usiyojivunia: wivu, hasira, tamaa ya kuona fulani ameshindwa. Yakiwa ni dhambi, yapeleke pia kwenye Kitubio, yaani kuungama kwa padre, lakini usiyafiche hapa.

Hatua ya 3. Omba unachokitaka, bila kupamba

Bartimayo alikuwa kipofu mbele ya macho ya kila mtu, na bado Yesu alimwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" (Mk 10:51). Alitaka kulisikia kutoka kinywani mwake. Mama Maria naye, malaika alipomletea habari, hakuanza na "nitendewe ulivyonena". Aliuliza kwanza: litakuwaje neno hili? (Lk 1:34). Mtume Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee ule mwiba, yaani teso lililomsumbua mwilini, na jibu likawa "Neema yangu yakutosha" (2 Kor 12:8-9). Mwiba ulibaki. Lakini yeye hakukaa akidhania tu kwamba Mungu angekataa, aliomba, akajibiwa.

Kwa hiyo sema: "Bwana, nataka apone." Weka nukta hapo. Kaa kimya kidogo kabla ya sentensi inayofuata.

Hatua ya 4. Jua ni kipi kinabaki mikononi mwako

Ukimkabidhi Mungu ugonjwa, dawa bado unameza wewe. Kitabu cha Yoshua bin Sira katika Biblia, sura ya 38, kinamwambia mgonjwa asali, aiache dhambi, kisha ampe tabibu nafasi yake, maana naye ameumbwa na Mungu. Yote matatu yako pamoja pale, hakuna lililofuta jingine. Kwenye karatasi yako weka alama pembeni ya yale unayopaswa kuyafanya wewe wiki hii. Yanayobaki, yaani matokeo, wakati na mioyo ya watu wengine, ndiyo ya kukabidhi.

Hatua ya 5. Kabidhi

Sasa sema, kwa sauti ukiweza. Kanisa lina hazina ya maneno kwa ajili ya saa hii. Mtakatifu Ignasi wa Loyola ana sala ya kumtolea Mungu uhuru, kumbukumbu, akili na utashi. Padre Dolindo Ruotolo wa Napoli (1882–1970) alituachia Novena ya Kujikabidhi, yaani sala ya siku tisa, ambayo kiini chake ni ombi fupi la kumwambia Yesu, "najikabidhi kwako, lishughulikie wewe," linalorudiwa mara kumi kila siku.

Mimi huvutwa zaidi na Mtakatifu Charles de Foucauld, padre Mfaransa aliyeishi jangwani Sahara. Sala ya kujikabidhi inayojulikana kwa jina lake ilitokana na tafakari yake juu ya Yesu msalabani, pale aliposema "Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu" (Lk 23:46). Mtu huyu alitamani miaka mingi kupata ndugu wa kitawa wa kuishi naye maisha aliyoyaona moyoni. Aliuawa Tamanrasset, Algeria, tarehe 1 Desemba 1916, bila hata mmoja aliyebaki naye. Jamaa za kitawa zilizofuata nyayo zake zilizaliwa baadaye, na akatangazwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Nikisali maneno yake nakumbuka kwamba aliyeyaandika hakuona jibu.

Ukikosa maneno, haya yanatosha: "Baba, nimekuambia ninachotaka. Wewe unaona mbali kuliko mimi. Nakuachia."

Hatua ya 6. Lipeleke kwenye Misa

Wakati wa matoleo, padre anapotia tone la maji katika divai, weka jambo lako pale. Tone lile haliwezi kutenganishwa tena na divai. Hakuna anayekuona, na huhitaji sala ndefu.

Hatua ya 7. Rudia usiku

Katika sala ya Kanisa ya kumaliza siku, maneno ya "mikononi mwako naiweka roho yangu" husaliwa kila usiku. Jana yalisaliwa, kesho yatasaliwa tena. Na wewe fanya vivyo hivyo kabla ya kuzima taa.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

"Nakabidhi asubuhi, ikifika saa nne nimeshachukua tena. Je, sala yangu ni bure?"

Si bure. Ulichokigundua saa nne ni kwamba bado unalipenda lile jambo. Lirudishe kwa sentensi moja, uendelee na kazi. Sala ya Malaika wa Bwana husaliwa mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara tunarudia "Ndimi mtumishi wa Bwana, nitendewe ulivyonena." Itumie kama kengele yako.

"Novena nikikosa siku moja, nianze upya? Na nimetumiwa ujumbe kwamba nisipoisambaza kwa watu tisa haitajibiwa."

Ukiruka siku, endelea ulipoishia, au anza upya ukipenda. Hakuna sheria wala dhambi hapo. Siku tisa zinatukumbusha Mitume na Mama Maria waliodumu katika sala kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste. Huo ujumbe wa watu tisa ufute. Huo ni ushirikina uliovaa rozari.

"Mwalimu, msibani watu waliniambia kifo cha mwanangu ni mapenzi ya Mungu, nikubali. Aliuawa na dereva mlevi."

Mama yangu, pole sana. Waliosema hivyo walitaka kukufariji, lakini maneno yao yanahitaji kurekebishwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 311, inasema Mungu si chanzo cha uovu wa kimaadili kwa namna yoyote, iwe moja kwa moja au kwa mzunguko. Anauruhusu, kwa kuwa ameheshimu uhuru wa mwanadamu, na anajua kutoa mema hata humo. Ulevi wa yule dereva haukuwa mapenzi ya Mungu. Hutakiwi kuuita mwema. Unachoweza kukabidhi ni mwanao, na huo uchungu, kidogo kidogo. Na kudai haki mahakamani hakupingani na kujikabidhi.

"Mume wangu ananipiga. Nimeambiwa nijikabidhi kwa Mungu na kuvumilia."

Hapana, dada. Kipigo si msalaba ambao Mungu amekuchagulia. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemhatarisha vikali mwilini au rohoni. Tafuta usalama wako na wa watoto kwanza, mwambie mtu unayemwamini, nenda kwa vyombo vya sheria. Sala hizi zitakufuata popote utakapokuwa salama. Ningependa tuzungumze faragha, leo ikiwezekana.

"Nitajuaje kama ninachokifuata ni mapenzi ya Mungu, au ni changu tu?"

Anza na yaliyo wazi: Mungu hakuiti uvunje amri zake, wala uache wajibu wa hali yako ya maisha ili ukafanye jambo linaloonekana takatifu zaidi. Kwa yaliyobaki, fuata ushauri wa Mtakatifu Ignasi: roho ikiwa katika giza na ukavu, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na utulivu. Usiandike barua ya kuacha kazi saa nane ya usiku. Mpelekee jambo padre au kiongozi wako wa kiroho, kisha ulipatie muda.

"Niliomba kama ulivyofundisha, kwa jina, miezi saba. Dada yangu amekufa. Sina hata maneno ya kusali. Naruhusiwa kumkasirikia Mungu?"

Unaruhusiwa kumwambia. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kuelekea mwisho zikawa za matumaini au sifa. Ya 88 haigeuki; inalalamika tangu mwanzo, na inaishia gizani. Kanisa halikuiondoa. Limeiweka katika sala ya kumaliza siku, kila Ijumaa. Wiki hii sali hiyo tu, ndugu yangu, na ukifika mwisho usiongeze kitu.